Bitana ya Kijani

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na cherehani yako. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka ovyo mbele za watu ili waulize. Baba hajambo.

Najua simu husikii vizuri, na mara ya mwisho tulipoongea ulinijibu maswali ambayo sikuuliza, ndiyo maana nimeona niandike. Shirika la ndege ninalofanyia kazi humpa kila mfanyakazi tikiti moja kwa mwaka kwa ajili ya ndugu yake. Ni ya bure, mradi kiti kibaki. Mwaka huu nimeandika jina lako. Baba anakuulizia, Shangazi. Miaka kumi na minne hamjaonana, na ndege inachukua saa mbili na robo tu.

Kuna masharti kidogo. Ndugu anayesafiri kwa tikiti yetu anahesabiwa kuwa sura ya shirika, kwa hiyo lazima avae ipasavyo. Nimekuwekea karatasi yake humu ndani. Tafadhali isome yote, kwa sababu ndugu akikataliwa langoni kwa ajili ya mavazi, mfanyakazi hupewa barua ya onyo na kunyimwa tikiti miaka miwili. Upande huu mimi mwenyewe ndiye ninayesimama langoni na kuwakataa watu. Ningeona aibu mara mbili.

Ni mimi mwanao,
Sindano

N.B. Lile koti lako la kazi la kijani, ulilokuwa ukivaa pale kwenye duka la udobi la Baba, bado unalo?


21 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku tisa kwa sababu sanduku la barua nachangia na fundi viatu wa mlango wa pili, na ufunguo ulipotea. Ulionekana ndani ya kiatu cha mteja, na mteja alikuwa ameshakivaa siku tatu akidhani ni msumari. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua, lile la kukanyagia cherehani, lakini nalo halijaomba likizo. Mwambie binti yako meno yataota mengine, asitumie ya sasa kujitangaza.

Karatasi yako nimeisoma yote, kurasa mbili, tena mbele ya dirisha. Nina maswali.

Sharti la kwanza linataka nguo ya heshima. Nimeshona sare za shule miaka kumi na minne na hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kuniletea kipimo cha heshima. Ni inchi ngapi chini ya goti? La tatu linakataza nguo yenye maandishi. Kila nguo ya dukani ina maandishi ndani ya kola, je, hayo mnayafunua na kuyasoma? La tano linakataza kandambili. Nilimwuliza fundi viatu ni mtu gani anayepanda ndege na kandambili. Akasema yeye angepanda. La saba linakataza nguo za kazi, yaani ovaroli, aproni na makoti ya kazi. Hilo nimelielewa bila msaada.

Picha uliyotuma nimeiona. Umenenepa kidogo, jina la Sindano litabidi tulifikirie upya. Mkono wa koti la sare yako ni mrefu kwa nusu inchi. Aliyelishona alikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Unasema baba yako ananiulizia. Baba yako anajua kuandika. Alikuwa akiandika majina ya wateja mia mbili kwa wiki kwenye vile vitambaa vya alama, kwa herufi ambazo maji ya moto hayakuzifuta. Mwenye kuniulizia aniandikie mwenyewe.

Sijasema nakuja, na sijasema siji. Nina sketi sitini za marinda na shule inafungua Jumatatu.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mke wangu ameanza zamu za mchana kule hospitali na kwa hiyo chakula napika mimi, tunavumiliana. Pole kwa goti.

Majibu ya maswali yako. Heshima ni goti lifunikwe na mabega yafunikwe, inchi hazikutajwa. Maandishi ya ndani ya kola hatuyasomi. Na kuhusu kandambili, watu wapo. Wiki iliyopita alikuja mkwe wa rubani mmoja, hakimu mstaafu, amevaa suruali ya kulalia ya rangi ya waridi. Alinieleza kwa dakika kumi kuwa ni kitani safi. Niliigusa, na ilikuwa kitani safi. Nilimrudisha.

Sasa yale ambayo karatasi haisemi. Ndani ya ndege kuna baridi, kwa hiyo koti ni lazima. Miguu huvimba kidogo, usivae kiatu kinachobana. Usije na mkanda wenye bizimu ya chuma wala pini nyingi kichwani, ile mashine ya ukaguzi italia na watu watakutazama. Na pale kwenye ukaguzi utavua koti na viatu, vipite kwenye mashine peke yao, halafu utavaa tena.

Baba hajambo. Anakula vizuri. Kuandika kwa sasa hawezi.

Kuhusu koti la kijani hukunijibu. Ni jambo dogo tu, ila ningependa kujua.

Mwanao,
Sindano


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua zimeanza na kitambaa kinanuka unyevu hata ukikipiga pasi. Fundi viatu anakusalimu, anasema hakimu alionewa.

Nimeisoma ile sehemu ya ukaguzi mara mbili. Mnanipa kurasa mbili za namna ya kuvaa, nashona, navaa, nafika, halafu mlangoni mnanivua. Mngeniambia mapema nikaja na nguo mkononi.

Hata hivyo nimeshona. Kitambaa cha kijivu, sketi inapita goti inchi nne, koti lenye kola ndogo na vifungo vitano, na bitana kamili ndani. Sikushona kwa sababu nakuja. Nimeshona kwa sababu nguo za watoto wa shule zimenichosha macho na nilitaka kushona kitu kwa mtu mzima.

Sasa koti la kijani. Umeuliza mara mbili, na mtu haulizwi habari za koti la miaka kumi na minne bure. Kama ni baba yako amekutuma, mwambie yafuatayo. Miaka ile mimi na yeye tulifanya kazi meza moja, yeye pasi, mimi vifungo na viraka. Siku nilipomwambia nataka kufungua sehemu yangu ya kushona, alisema mbele ya wateja watatu, "Koti uliache hapo, na ukishatoka usirudi." Koti sikuliacha, na kurudi sikurudi. Kwa hiyo tulitiiana nusu kwa nusu.

Ikiwa tikiti hii yote ni njia ya kulidai, mwambie koti halipo. Hilo ndilo jibu langu na sitaki kulirudia.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitaandika habari za watoto, utanisamehe. Barua yako imenifanya nione nimekosea, na nimekukosea wewe zaidi.

Baba hakunituma. Baba hawezi kumtuma mtu. Ni mwaka wa pili sasa anasahau. Alianza na majina, kisha mitaa, kisha sura. Daktari ametueleza jina la ugonjwa na tumeliandika mahali, lakini halisaidii. Sikukuambia kwa sababu nilidhani ukijua utakuja kwa huruma, na wewe ukionyesha huruma unakuwa mkali, na yeye akikemewa analia.

Lakini kuna kitu kimoja kimebaki. Nguo anazijua. Miaka arobaini ya udobi haijatoka mikononi mwake. Mimi ananijua nikiwa nimevaa sare ya kazini. Siku ya mapumziko nikivaa fulana ananiita bwana, kwa hiyo hata siku za mapumziko navaa sare, na tai. Mke wangu anajulikana kwa aproni yenye mistari myekundu. Binti yetu, kwa sare yake ya shule, ni mjukuu Jumatatu hadi Ijumaa, Jumapili ni mtoto wa jirani. Wiki iliyopita nilitoka kuoga na taulo kiunoni, akaniambia kwa upole kuwa nguo zangu bado hazijakauka, nikae kidogo.

Na kila asubuhi anauliza, "Wa koti la kijani mbona amechelewa? Mashati yanangoja vifungo." Kila asubuhi, Shangazi. Mama yangu aliyemzika hamtaji. Wewe ndiye anayekungoja.

Ndiyo maana niliuliza. Nilitaka ulitie mkobani, uje na nguo za masharti, ukifika hapa ulivae, akuone. Daktari anasema hata hili la nguo litaondoka, huenda kabla ya mwaka kwisha. Nilitaka akujue angalau mara moja kabla halijaondoka. Sasa unasema koti halipo. Basi njoo hivyo hivyo.

Mwanao,
Sindano


5 Mei

Mwanangu Sindano,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Marahaba.

Sikukasirika. Au nilikasirika siku tatu kisha nikaona hasira yenyewe haina pa kwenda. Nami nina niliyokuficha, sikiliza.

Niliposema koti halipo, nilisema kweli. Lilikaa ndani ya sanduku langu miaka kumi na minne, limekunjwa vizuri, na kila mwaka nililitoa, nikalianika, nikalirudisha. Tarehe ishirini na nane ya Machi nililifumua, nikalikata, nikalifanya bitana ya koti la safari. Nilikuwa nakuja, Sindano. Nilikuwa nakuja tangu barua ya kwanza. Nilitaka nikae mbele ya kaka yangu siku nzima, amenikaribisha, nimevaa lile koti alilosema niliache, na yeye halioni. Huo ndio ujeuri niliokuwa nao, na niliushona kwa mkono ili mishono isionekane.

Ungeniambia ukweli mwezi wa pili, ningelitia mkobani na habari ingekwisha. Wewe ulificha ugonjwa, mimi nikaficha mkasi.

Sasa nimefumua tena. Nimekaa nalo wiki mbili na sare za watu zimenisubiri. Litakuwa koti la pande mbili. Nje kijivu, kama masharti yanavyotaka. Ndani kijani, limerudishiwa vifungo vyake vya zamani, ambavyo nilikuwa navyo kwenye kopo, na mfuko wa kifuani nimeurudisha mahali pake. Pale lilipochanika kwenye msumari wa mlango wa duka, nikatia kiraka kwa uzi wa bluu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha na yeye akanicheka wiki nzima, sikupagusa. Limepungua urefu kwa shibiri moja. Hilo siwezi kulirudisha. Kaka yangu ana jicho la vipimo na ataona, lakini na mimi mwenyewe nimepungua.

Uliza kwa msimamizi wako kama sharti la saba linahusu na upande wa ndani.

Na nikwambie hili, kwa sababu fundi viatu siwezi kumwambia. Ndege siiogopi. Naogopa kusimama mbele ya kaka yangu akaniambia nguo zangu bado hazijakauka.

Shangazi yako


16 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Haraka haraka, kwa sababu barua inaondoka na rubani wa jioni na ataiacha kaunta ya huko kwenu.

Kiti kimepatikana tarehe 3 Juni. Sharti la saba nimelisoma mara nne. Linasema nguo ya kazi isivaliwe. Sikumwuliza msimamizi, kwa sababu angejibu. Funga vifungo vyote vitano tangu nyumbani mpaka hapa. Kwenye ukaguzi ukilivua, lilaze kijivu juu. Ukisikia joto, vumilia.

Siku hiyo nitakuwa zamu mpaka saa kumi, hawaniruhusu. Mke wangu atakupokea na kukufikisha kwa Baba. Koti ligeuze mlangoni, kabla hajakuona.

Sindano


22 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tunashukuru ulifika salama, tumepata ujumbe kwa fundi viatu, ingawa aliuandika kana kwamba ni yeye aliyesafiri. Binti yetu anakuulizia. Meno yameanza kuota na ameacha kucheka.

Ulikaa siku nne nyumbani kwangu. Kila nilipokuuliza ilikuwaje ile siku ya kwanza, ulisema chai inapoa. Mke wangu anasema aliwasikia mnaongea, kisha Baba akicheka, na yeye akaona asiingie. Baba nikimwuliza ananiambia mambo ya wateja hayasemwi. Nimekaa na swali langu mpaka leo. Lakini kuna mambo mawili yamenizidi.

La kwanza ni pale langoni siku unaondoka. Ulikuja kwenye mstari wangu umevaa koti la Baba, lile la kahawia, lina kiraka kwenye kiwiko na linakufika karibu na magoti. Sharti la nne, nguo iliyochanika au yenye kiraka. Msimamizi wa zamu alikuwa amesimama begani kwangu. Naomba ujue kwamba nilifungua mdomo kukukataa. Shangazi aliyenilea miaka miwili, na nilikuwa nimeshavuta pumzi. Ndipo msimamizi akanyoosha mkono akashika mkono wa lile koti, akapitisha kidole kwenye mkunjo wa pasi, ule ulionyooka toka begani mpaka mwisho. Akakuuliza ni nani aliyelipiga pasi hivi. Ukasema, "Kaka yangu, asubuhi ya leo." Akauliza kama huyo kaka anapokea kazi. Ukasema anapokea, ila hakumbuki ni za nani. Akacheka, akadhani ni mzaha, akakupitisha. Baadaye aliniambia kiraka hakukiona. Yule mama huona uzi mmoja ukining'inia kwa mbali.

La pili ni hili. Jumamosi nilifungua kabati la Baba nitafute shuka. Koti lako lipo mle ndani, limetundikwa, kijani nje. Limeshonewa kitambaa cha alama kwenye kola, namba 114, na kwa mwandiko wake, ambao sikuuona mwaka na nusu: "LA DADA. ASIPEWE MTU." Nilipoligusa alinipiga kofi mkononi. Kila asubuhi analitoa, analipiga pasi, analirudisha. Na lile swali lake la kila siku ameacha. Sasa anasema, "Wa koti la kijani yuko njiani."

Shangazi, ilikuwaje?

Sindano


15 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima. Fundi viatu amekuwa mtaalamu wa ndege, anawaeleza wateja kuhusu baridi na kuvimba miguu, na amewauzia wawili viatu vya saizi kubwa. Mkono wa koti la sare yako niliupunguza nusu inchi siku ya tatu, ulipokuwa bafuni. Hukuona, ndiyo maana nakuambia.

Sikukuambia pale nyumbani kwako kwa sababu ningelia mezani kwako, na sikutaka mtoto aone. Huku nalia peke yangu na cherehani inapiga kelele, hakuna anayejua.

Mlangoni niligeuza koti kama ulivyoagiza. Mkeo akafungua mlango. Kaka yangu alikuwa amekaa karibu na dirisha, amevaa shati jeupe, amefunga mpaka kifungo cha juu. Amezeeka, Sindano. Hukuniandikia jinsi alivyozeeka. Aliliona koti kabla ya kuniona mimi, akasimama. Nilijua amenijua. Nikaenda haraka, na goti langu hili.

Akashika mfuko wa kifuani, akaugeuza, akatafuta kile kiraka cha uzi wa bluu mpaka akakipata. Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza, kwa adabu kabisa, kama anavyomwangalia mteja anayedai nguo isiyo yake.

Akaniuliza, "Mama, hili koti umelipata wapi?"

Nikasema, "Ni langu."

"Si lako, mama yangu. Hili ni la dada yangu. Kiraka hiki nakijua."

"Mimi ndiye dada yako."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko alichokisikia mkeo. Hakunicheka vibaya. Akasema, "Dada yangu ni msichana. Ametoka sasa hivi tu kwenda kula."

Ile ndege nzima, zile kurasa mbili, vifungo vitano, wiki mbili za kufumua na kushona. Koti alilijua mpaka uzi. Mimi hakunijua.

Nilitaka kugeuka niondoke. Ila nilijiona tena niko kwenye ule mlango wa duka, na safari ile nilitoka upesi mno. Nikabaki. Nikamwuliza, "Huyo dada yako akirudi, utamwambia nini?"

Akakaa. Kisha akasema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Nilimwambia aache koti. Mbele za watu. Koti lilikuwa lake, kazi ilikuwa yake, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Niliona wivu. Tangu atoke namngoja nimwambie, naye anakawia kula." Kisha akaninyooshea mkono. "Kwa hiyo nirudishie, mama. Akija alikute."

Nililivua. Ungefanyaje? Nililivua, nikampa, akalikagua mishono yote akasema limepunguzwa na mtu asiyejulikana ila kazi ni nzuri. Akaomba sindano na kitambaa. Akaandika, akalishonea alama, akachana kipande kingine chenye namba hiyo hiyo akanipa, kwa sababu nguo haiingii dukani kwake bila mwenye kuileta kupewa kipande. Kisha akaniona nimebaki na blauzi, akasema mama wa watu asipigwe na baridi kwa ajili yake, akanivalisha koti lake la kahawia. Hivyo ndivyo lilivyofika langoni kwako. Ile asubuhi ya kuondoka aliniomba alipige pasi kwanza. Alisema mteja hatoki kwake na mikunjo.

Siku tatu zilizobaki tulikaa wote pale dirishani na alinisimulia habari zangu. Nimejua mengi. Kwamba naimba nikidhani watu hawasikii. Kwamba siku moja nilirudisha shati la mtu na vifungo vya rangi saba kwa sababu mtu huyo alimtukana kaka yangu, na kaka yangu alijifanya hakuona. Kwamba alikuwa akipita mtaani kwangu, miaka ya mwanzo kabla hujamhamisha, akasimama ng'ambo ya barabara kuangalia kibao changu, na hakuvuka. Hilo sikuwa nalijua. Ningelijua wapi, nami nilikuwa nimeinama kwenye cherehani.

Ulitaka anijue mara moja. Hakunijua, na usijilaumu, ulifanya ulivyoweza. Lakini nililolitaka miaka kumi na minne nimelisikia kwa masikio yangu, na nilisikia vizuri, hakukuwa na simu katikati. Angenijua, mwanangu, asingeyasema. Tungegombana kuhusu kiraka.

Usiligeuze lile koti. Mwache alipige pasi. Akianza kulisahau na lenyewe, lishike wewe, lakini kitambaa cha alama usikifumue.

Mwakani andika jina langu tena. Nitavaa chochote mtakachotaka, hata mkisema tai. Na asubuhi moja ukiwa umevaa sare, umepiga pasi vizuri, akiwa anakujua, mwambie kwamba wa koti la kijani ameyasikia yote, ameshamaliza kula, na kipande namba 114 anacho, amekishikiza kwa pini ndani ya koti la kaka yake.

Shangazi yako